Kozi ya Utangulizi wa Sheria: Mwongozo Kamili wa Kuisoma na Kuielewa

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiingia darasa la utangulizi wa sheria, mara nyingi hudhani kazi iliyo mbele yake ni kukariri vifungu. Ananunua daftari nene, ananakili ibara za katiba, anameza majina ya kesi na miaka yake. Siku ya mtihani anapewa kisa cha nusu ukurasa kuhusu watu asiowajua, waliogombana juu ya jambo ambalo halikutajwa darasani, kisha anaambiwa: mshauri mmoja wao. Vifungu vyote anavyo kichwani, ila hajui aanze na kipi.

Nimesoma majibu mengi ya namna hiyo, na huwa yananiuma kwa sababu juhudi inaonekana wazi. Kilichokosekana ni mbinu. Kozi hii, pamoja na wingi wa mada zake, inapima uwezo mmoja: kulichukua tukio, kuitafuta sheria inayoligusa, na kumwonyesha msomaji jinsi ulivyotoka kwenye tukio hadi kwenye jibu. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kusudi hilo. Mifano mingi inatoka Uingereza na Marekani kwa kuwa ndiyo inayofundishwa katika madarasa mengi duniani. Sheria ya nchi yako inaweza kusema vingine, kwa hiyo kila unapokutana na mfano, jiulize kwenu ingekuwaje.

Hatua ya 1: Chora ramani ya vyanzo vya sheria

Wiki ya kwanza usikimbilie kesi. Chukua karatasi moja uandike sheria za nchi yako zinatoka wapi, kuanzia yenye nguvu kuliko zote. Katika nchi nyingi juu kabisa ipo katiba. Chini yake zinafuata sheria zilizotungwa na bunge, halafu kanuni na sheria ndogo ambazo waziri au mamlaka za mitaa huzitunga kwa idhini ya sheria ya bunge. Maamuzi ya mahakama yana nafasi yake, na pengine sheria za mila na za dini pia, hasa kwenye ndoa na mirathi. Kando ya kila chanzo andika maswali mawili: nani ana mamlaka ya kuitunga, na ikigongana na iliyo juu yake, nani anaamua?

Swali hilo la pili ndilo zito. Mwaka 1803, katika kesi ya Marbury dhidi ya Madison, Mahakama ya Juu ya Marekani chini ya Jaji Mkuu John Marshall iliamua kwamba sheria ya bunge inayokwenda kinyume cha katiba si sheria, na kwamba ni kazi ya mahakama kusema hivyo. Katiba yenyewe haikuwa imetamka waziwazi kwamba majaji wana mamlaka hayo. Uingereza, ambako sheria ya Marekani ilichota mengi, haina katiba iliyokusanywa katika waraka mmoja, na mahakama zake haziwezi kuibatilisha sheria iliyopitishwa na Bunge. Ukoo mmoja, majibu mawili. Ndiyo maana huwezi kubeba jibu la nchi moja ukaliweka katika nchi nyingine bila kukagua.

Utasikia pia habari za mifumo mikubwa miwili. Mmoja umetokana na sheria za Kirumi zilizokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6, ukapata sura yake ya kisasa kupitia mikusanyo mikubwa kama ule wa Ufaransa wa 1804 na wa Ujerumani ulioanza kutumika 1900. Humo jaji huanza na kifungu cha mkusanyo. Mwingine ulikulia Uingereza, na ndani yake uamuzi wa mahakama ya juu huzifunga mahakama za chini katika mashauri yanayofanana. Usije ukaandika kwamba mfumo wa kwanza una sheria zilizoandikwa na wa pili hauna. Yote miwili ina sheria za bunge na yote miwili ina hukumu; tofauti iko kwenye uzito ambao kila kimoja hupewa.

Hatua ya 2: Tenganisha jinai na madai, kila mara

Dereva anaendesha kwa kasi, anamgonga mpita njia na kumvunja mguu. Tukio ni moja, mashauri yanaweza kuwa mawili. Katika shauri la jinai, dola inamshtaki dereva kwa kosa, na akipatikana na hatia anaadhibiwa. Katika shauri la madai, aliyeumia anamdai dereva fidia. Mashauri hayo yanaweza kuishia tofauti na kusiwe na mgongano wowote: dereva akaachiwa huru kwenye jinai, kisha akaamriwa kulipa fidia kwenye madai.

Sababu ni kiwango cha uthibitisho. Kwenye jinai upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka yenye mashiko. Kwenye madai inatosha kuonyesha kwamba jambo lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli.

Kesi ya kuishika hapa ni Woolmington dhidi ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ya Uingereza, 1935. Kijana Reginald Woolmington alimpiga mkewe risasi akafa. Yeye alidai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya alipokuwa akimtishia mkewe kwamba atajiua. Jaji aliwaambia wazee wa baraza kwamba mashtaka yakishaonyesha kuwa mtu ameua, ni juu ya mshtakiwa kuwaridhisha kuwa hakukusudia. Akahukumiwa kunyongwa. Baraza la Malodi, lililokuwa ndiyo mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo hadi 2009, liliifuta hukumu hiyo: mzigo wa kuthibitisha kosa, pamoja na nia ya kulitenda, uko kwa upande wa mashtaka tangu mwanzo hadi mwisho, isipokuwa pale sheria inaposema vingine kwa baadhi ya utetezi kama vile ugonjwa wa akili. Soma tena madai ya kijana yule, uone jinsi maisha yake yalivyoning'inia kwenye swali la nani anatakiwa kuthibitisha nini.

Zoea pia majina ya wahusika. Kwenye jinai kuna upande wa mashtaka na mshtakiwa. Kwenye madai kuna mdai na mdaiwa. Kwenye rufaa kuna mrufani na mjibu rufaa. Mdaiwa hana hatia wala hafungwi kwa kushindwa, anawajibika kulipa. Mtahini akiona umeandika "mdaiwa alipatikana na hatia", anajua hatua hii uliiruka.

Hatua ya 3: Jua ngazi za mahakama na nani anamfunga nani

Tengeneza mchoro wa mahakama za nchi yako kuanzia ya chini hadi ya juu, uchore mishale ya rufaa. Kisha kwa kila mahakama andika inasikiliza mashauri ya aina gani na maamuzi ya nani yanaifunga. Kwa kawaida mahakama ya chini inafungwa na ya juu yake; ugumu uko kwenye swali kama mahakama ya juu kabisa inafungwa na maamuzi yake yenyewe. Malodi wa Uingereza walijiona wamefungwa na maamuzi yao hadi 1966, walipotangaza kwamba kuanzia hapo wangeweza kuyaacha pale inapoonekana ni haki kufanya hivyo. Tafuta mahakama ya juu ya nchi yako ina msimamo gani juu ya jambo hilo hilo. Hatua hii ni fupi, jioni moja inatosha.

Hatua ya 4: Jifunze kusoma hukumu moja mpaka mwisho

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Muhtasari wa kesi katika kitabu cha kiada utakupa matokeo. Njia ya kuyafikia utaiona kwenye hukumu yenyewe tu, na njia hiyo ndiyo unayokuja kuijifunza.

Tuanze na namna ya kuipata. Ukiona maandishi kama [1932] AC 562 baada ya jina la kesi, mwaka ulio ndani ya mabano ya mraba ndio wa juzuu ya taarifa za kesi, AC ni mfululizo unaochapisha hukumu za rufaa za mahakama ya juu ya Uingereza, na 562 ni ukurasa ambapo hukumu inaanza. Nchi nyingi zina mfululizo wao na ufupisho wake, na maktaba ya chuo huwa na orodha ya ufupisho huo.

Ukurasa huo wa 562 ni wa Donoghue dhidi ya Stevenson, na tutaisoma pamoja.

Mara ya kwanza soma moja kwa moja bila kalamu. Unatafuta mambo matatu tu: nani anagombana na nani, juu ya nini, na nani ameshinda. Kisa ni hiki. Tarehe 26 Agosti 1928, katika mgahawa mmoja mjini Paisley, Uskoti, rafiki yake May Donoghue alimnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, huwezi kuona kilichomo. Donoghue alikunywa kiasi, na rafiki yake alipomimina iliyobaki, kwa madai yao, yakatoka mabaki ya konokono aliyeoza. Donoghue alidai kwamba aliugua, akamfungulia shauri mtengenezaji wa soda, David Stevenson.

Mara ya pili soma ukiwa na kalamu, ukiuliza swali ambalo wengi hawaulizi: kwa nini hakumdai mwenye mgahawa? Kwa sababu hakuwa na mkataba naye. Aliyenunua soda ni rafiki. Na huyo rafiki, mwenye mkataba, hakuumia. Kwa mtengenezaji napo palikuwa na ukuta: kwa ujumla mahakama zilikuwa zikishikilia kwamba mtengenezaji hawajibiki kwa mtu asiye na mkataba naye, isipokuwa katika hali chache kama za vitu vya hatari kwa asili yake. Huko huko Uskoti, mwaka 1929, katika Mullen dhidi ya Barr, madai juu ya panya waliodaiwa kukutwa ndani ya soda ya tangawizi yalikuwa yamekataliwa. Ukiujua ukuta huo ndipo unapoona ukubwa wa alichokuwa anakiomba Donoghue.

Sasa fuatilia safari ya shauri. Jaji wa kwanza Uskoti aliliruhusu liendelee, mahakama ya rufaa ya huko ikamkatalia Donoghue, naye akakata rufaa kwa Malodi kama mtu asiye na uwezo wa kulipa gharama. Mwezi Mei 1932, malodi watatu dhidi ya wawili walikubaliana naye. Hoja iliyokuwa mbele yao ilikuwa hii: kama yote anayodai ni kweli, je, sheria inampa haki ya kudai? Maana yake ni kwamba hakuna mahakama iliyowahi kuthibitisha kuwa konokono alikuwemo. Baada ya uamuzi ule, shauri liliishia kwa maelewano bila ushahidi kusikilizwa. Ukiandika kwenye mtihani kwamba "mahakama ilikuta konokono ndani ya chupa", umeonyesha kwamba ulisoma muhtasari.

Kisha nenda kwenye sababu. Lord Atkin, mmoja wa wale watatu, alisema mambo mawili yenye upana tofauti, na lazima uyatenganishe. La kwanza ni pana sana: mtu achukue tahadhari ya kutosha ili asimdhuru jirani yake, na jirani kisheria ni yeyote ambaye tendo langu linamgusa kwa karibu kiasi kwamba ningepaswa kumfikiria ninapolitenda. La pili ni jembamba zaidi: mtengenezaji anayeuza bidhaa akikusudia imfikie mtumiaji wa mwisho kama ilivyotoka kwake, bila nafasi ya kutosha ya kukaguliwa njiani, na akijua kwamba uzembe wake unaweza kumdhuru mtumiaji au mali yake, ana wajibu wa tahadhari kwa mtumiaji huyo.

Lipi kati ya hayo linazifunga mahakama za chini? Wanasheria wanakiita kiini cha uamuzi ratio decidendi, na yale mengine yaliyosemwa njiani obiter dicta. Kukipata kiini, shika kila ukweli wa kesi uubadilishe, kisha uulize kama jibu lingebadilika. Konokono angekuwa kipande cha chupa? Jibu lingebaki lile lile, kwa hiyo konokono si sehemu ya kiini. Ingekuwa siagi badala ya soda? Vile vile. Chupa ingekuwa ya kioo cheupe na uchafu unaonekana? Hapo mambo yanabadilika, maana mnywaji au muuzaji angeweza kuuona. Kumbe ile rangi ya chupa, uliyoipita haraka mara ya kwanza, ilikuwa nguzo ya kesi.

Malizia na wawili waliopinga. Lord Buckmaster aliona kwamba kuukubali wajibu huu ni kufungua mlango usio na mpaka. Andika hoja yake kwa ukamilifu kama ulivyoandika ya Atkin. Katika kozi hii, mwanafunzi anayeweza kuitetea hoja iliyoshindwa ndiye aliyeielewa iliyoshinda.

Hatimaye tafuta kesi iliyofuata. Mwaka 1935, katika Grant dhidi ya Australian Knitting Mills, daktari wa Australia alinunua nguo za ndani zilizobakia na kemikali ya kiwandani, akapata ugonjwa mbaya wa ngozi. Mtengenezaji alijitetea kwamba nguo si kinywaji, na haikufungwa kama chupa. Mahakama ikasema tofauti hizo hazina uzito: kasoro ilikuwa imejificha, na nguo ilimfikia mvaaji ikiwa na kasoro hiyo. Hivi ndivyo kesi moja inavyokua kuwa sheria, kwa mtu kuja na tukio jipya na jaji kuulizwa kama linafanana na la zamani katika jambo lenye uzito.

Baada ya kusoma, andika muhtasari wako usiozidi ukurasa mmoja: wahusika, ukweli wenye uzito, safari ya shauri, hoja, uamuzi, sababu, na waliopinga walisema nini. Uandike kwa maneno yako. Muhtasari wa kunakili hautakusaidia, kwani kazi yote ya kufikiri umeiacha kwa uliyemnakili. Kwa hukumu tano za kwanza zoezi hili ni zito na linachosha. Vumilia.

Hatua ya 5: Soma kifungu neno kwa neno

Sheria iliyotungwa na bunge husomwa kwa namna nyingine. Kwenye hukumu unatafuta sababu. Kwenye kifungu kila neno lina mzigo. Chukua kifungu hiki nilichokitunga kwa ajili ya zoezi:

"Mtu anayechukua mali ya mtu mwingine bila ridhaa yake, kwa nia ya kumnyima mali hiyo moja kwa moja, anatenda kosa la wizi."

Kivunje vipande: kuchukua; mali; iwe ya mtu mwingine; bila ridhaa; kwa nia ya kumnyima moja kwa moja. Mashtaka lazima yathibitishe vyote. Kimoja kikikosekana, hakuna wizi. Sasa fikiria mtu anayetoka ukumbini na mwavuli wa mwenzake akidhani ni wake. Amechukua, ni mali, ni ya mwingine, hakuna ridhaa. Kipande cha mwisho kinagoma: hakuwa na nia ya kumnyima mwenye mwavuli. Je, akiugundua ukweli nyumbani akaamua kubaki nao? Nia imekuja baada ya kuchukua. Kifungu kama kilivyoandikwa kinadai vyote viwili viwepo pamoja, au neno "kuchukua" linaweza kubeba na "kuendelea kushikilia"? Jadilini hilo na wenzako kwa nusu saa. Mtakuwa mmeshaanza kufanya kazi ya wanasheria.

Ukisoma kifungu halisi, anza na sehemu ya tafsiri ya maneno, ambayo kwa kawaida iko mwanzoni mwa sheria. Zungushia duara "na", "au", "isipokuwa", "lazima", "anaweza". Kifungu kinachosema waziri "anaweza" kutoa leseni na kinachosema "lazima atoe" vinampa mwombaji haki tofauti kabisa.

Maneno yakileta utata, majaji hufuata njia kadhaa. Ya kwanza ni kushika maana ya kawaida ya maneno hata matokeo yakiwa ya ajabu. Katika Whiteley dhidi ya Chappell, 1868, mtu alipiga kura kwa jina la marehemu. Sheria ilikataza kujifanya "mtu mwenye haki ya kupiga kura". Mahakama ikasema marehemu hana haki ya kupiga kura, basi kosa halikutendeka. Njia nyingine, yenye mizizi katika kesi ya Heydon ya 1584, ni kuuliza sheria ililetwa kuponya tatizo gani. Mwaka 1960, katika Smith dhidi ya Hughes, wanawake walioshtakiwa kwa kuwaita wateja "mtaani" kwa ajili ya ukahaba walijitetea kwamba wao walikuwa ndani, kwenye dirisha na roshani. Mahakama ikasema lengo la sheria lilikuwa watu wapite mtaani bila kusumbuliwa, na anayeitwa kutoka dirishani anasumbuliwa vile vile. Wakapatikana na hatia.

Weka kesi hizo mbili ubavu kwa ubavu ujiulize: yule aliyepiga kura kwa jina la marehemu angehukumiwa kwa njia ya pili, ingekuwaje? Na wewe ungependa kosa la jinai lisomwe kwa njia gani, ikiwa mshtakiwa ni wewe?

Ongeza Riggs dhidi ya Palmer ya New York, 1889. Mjukuu alimpa babu yake sumu ili arithi kabla wosia haujabadilishwa. Sheria ya wosia haikusema lolote juu ya mrithi muuaji, na wosia wenyewe ulikuwa halali. Majaji wengi walimnyima urithi, wakitegemea kanuni kwamba mtu asifaidike kwa uovu wake mwenyewe. Waliopinga walisema jinai imeshampa adhabu yake, na mahakama haina mamlaka ya kuandika upya sheria ya wosia. Binafsi nasimama na walio wengi, lakini hoja ya wachache ni nzito kuliko inavyoonekana mara ya kwanza, kwa maana inauliza jaji amepata wapi mamlaka hayo.

Hatua ya 6: Usikwepe swali la sheria na haki

Karibu kila kozi ya utangulizi ina wiki ya sheria na maadili, na wanafunzi wengi huijibu kwa hisia. Tumia kesi ya Dudley na Stephens ya 1884. Chombo Mignonette kilizama baharini, mabaharia wanne wakabaki kwenye mtumbwi mdogo wakiwa karibu hawana chakula wala maji. Baada ya takriban siku 20, Dudley na Stephens walimuua Richard Parker, kijana wa miaka 17 aliyekuwa mgonjwa sana, wakaula mwili wake. Siku chache baadaye wakaokolewa. Mahakama ilikataa kwamba dharura inahalalisha kumuua mtu asiye na kosa: nani atachagua uhai wa nani una thamani zaidi? Walihukumiwa kifo, kisha adhabu ikapunguzwa na serikali kuwa kifungo cha miezi 6.

Unapoandika juu ya kesi hii, tenga maswali matatu katika aya tatu: sheria ilisema nini, sheria ilipaswa kusema nini, na adhabu ilipaswa kuwa nini. Ona kwamba mahakama na serikali ziligawana kazi: moja ikalitangaza kosa, nyingine ikatoa huruma.

Hatua ya 7: Jibu swali la kisa kwa mpangilio

Sasa rudi kwenye ule mtihani. Chukua kisa hiki: fundi anatengeneza breki za gari na kusahau kukaza nati moja. Siku inayofuata mwenye gari anaeleza mnunuzi kwamba breki zimetoka kutengenezwa, anamuuzia. Breki zinakatika, mnunuzi anaumia. Mshauri mnunuzi kama anaweza kumdai fundi.

Jibu dhaifu huenda hivi: "Kwa mujibu wa Donoghue dhidi ya Stevenson, fundi ana wajibu kwa jirani yake. Fundi alizembea. Hivyo atalipa." Kila sentensi inaweza kuwa kweli na bado jibu halijafikiri.

Jibu zuri huanza kwa kutaja hoja yenyewe: mnunuzi hana mkataba na fundi, kwa hiyo swali ni kama fundi alikuwa na wajibu wa tahadhari kwake. Kisha sheria: wajibu wa mtengenezaji kwa mtumiaji pasipo nafasi ya ukaguzi njiani, na kwamba mahakama zimeshaufikisha wajibu huo kwa wanaofanya matengenezo, kama mafundi wa lifti katika Haseldine dhidi ya Daw ya 1941. Kisha matumizi, ambayo ndiyo sehemu ndefu kuliko zote: gari lilitoka mikononi mwa fundi na kasoro iliyofichika nyuma ya gurudumu, kama uchafu ulivyofichwa na rangi ya chupa. Lakini upande wa fundi utasema mnunuzi wa gari lililotumika hutarajiwa kulikagua, tofauti na mnywa soda. Mnunuzi atajibu kwamba aliambiwa breki zimetoka kutengenezwa, na kauli hiyo ndiyo iliyomwondolea sababu ya kukagua. Uzito uko wapi? Sema, na useme kwa nini. Hitimisho ni sentensi moja au mbili: mnunuzi ana nafasi nzuri ya kushinda, udhaifu wake mkubwa ukiwa suala la ukaguzi.

Neno "lakini" katika aya ya matumizi lina thamani kubwa. Jibu lisilo na upande wa pili ni nusu ya jibu, hata kama hitimisho lake ni sahihi.

Hatua ya 8: Nenda mahakamani, kisha jizoeze kwa saa

Katika nchi nyingi mashauri mengi husikilizwa hadharani. Uliza masharti ya kuingia, vaa kwa heshima, zima simu, kaa nyuma. Chagua shauri ambalo shahidi anahojiwa. Sikiliza wakili anavyouliza maswali mafupi, na jaji au hakimu anavyoandika. Utashangaa muda mwingi unavyotumika juu ya kilichotokea na muda mchache juu ya sheria inasemaje, wakati vitabu vyako vya rufaa vimekuzoesha kinyume. Ukitoka, andika ni ukweli gani ulikuwa unabishaniwa na ni nani alikuwa na mzigo wa kuuthibitisha.

Wiki za mwisho kabla ya mtihani, acha kusoma upya madaftari na anza kujibu maswali ya miaka iliyopita kwa kutumia saa. Robo ya muda wa kila swali iwe ya kusoma kisa na kupanga. Watu huona ni kupoteza muda, na ndio hao wanaogundua ukurasa wa tatu kwamba wamemshauri mhusika asiye sahihi. Badilishaneni majibu na mwenzako, kila mmoja apigie mstari sentensi zinazodai jambo bila "kwa sababu" baada yake. Hizo ndizo za kuandika upya.